Zana ikisema "hakuna oda", imeona au imeshindwa kuona?

Swali: "Mtaalamu, nimemtengenezea wakala wa akili mnemba zana ndogo. Akiiita, inamletea orodha ya oda zangu ambazo bado hazijatimia kwenye soko la fedha. Akikuta hakuna, anaruhusiwa kuweka oda mpya kwa zana nyingine. Juzi nimekuta oda mbili za kununua zinazofanana kabisa, bei ileile, kiasi kilekile, zimepishana dakika tatu, na zote mbili bado zinasubiri. Nikasoma kumbukumbu: kabla ya kuweka ya pili aliuliza, akapewa orodha tupu. Je, modeli niliyochagua, yaani akili mnemba inayomwendesha wakala huyu, ni dhaifu? Niibadilishe, au kuna namna ya kuiandika zana hii ili jambo hili lisijirudie? Na je, nimpe pia uwezo wa kufuta oda?"

Jibu:

Modeli iache kwanza. Kwa maelezo yako mwenyewe, wakala alifanya ulichomtuma: aliuliza, akaambiwa hakuna kitu, akaweka oda. Shahidi wa uongo hapa ni zana. Ukileta modeli nyingine leo itauamini ushahidi uleule, na pengine itautetea kwa ufasaha zaidi.

Msimbo wako sijauona, ila mstari ninaoushuku naweza kuutaja nikiwa nimefumba macho, kwa sababu hata mimi nimewahi kuuandika. Unasema hivi: jaribu kuliuliza soko, ikitokea hitilafu yoyote, rudisha orodha tupu. Tunauandika kwa nia njema, ili programu isianguke. Kwenye skrini ya binadamu hauna madhara makubwa. Mtu akikuta ukurasa mweupe huusasisha, huangalia kama intaneti imekatika, hukumbuka kwamba asubuhi aliweka oda na haiwezi kuwa imeyeyuka. Wakala hana asubuhi. Anachokijua kuhusu soko ni yale maandishi yaliyo mbele yake katika mazungumzo hayo, na mabano mawili yasiyo na kitu ndani, [], kwake ni habari kamili kama habari nyingine yoyote. Mtandao umekatika: []. Ufunguo wa API, yaani neno la siri ambalo programu hujitambulishia nalo sokoni, umekwisha muda: []. Umevuka kikomo cha maombi: []. Saa ya kompyuta yako imepishana na ya soko: []. Huna oda kweli: []. Hali tano, jibu moja, na katika hizo ni moja tu ambayo ingemruhusu kuweka oda mpya.

Hiyo ya saa usiichukulie kuwa ya kubuni. Kwenye Binance, soko la sarafu za kidijitali, ombi linalohitaji saini hubeba muhuri wa saa, na usipotaja dirisha lako mwenyewe unapewa milisekunde 5000. Ombi likifika nje ya dirisha hilo linakataliwa. Kompyuta ambayo haisawazishi saa yake huanza kukataliwa maombi machache, kisha mengi, huku kila kitu kingine kikionekana kizima. Kama mstari wangu wa aibu umo ndani ya zana, wakala wako atakuwa anaambiwa "hakuna oda" kwa vipindi, bila mpangilio unaoeleweka. Ndiyo sababu watu wengi huishia kulaumu modeli.

Basi kazi ya kwanza ya zana hii ni kujua kusema "sijaona". Iwe na majibu matatu yasiyofanana hata kwa sura: zipo, hizi hapa; nimetazama kote na hazipo; nimeshindwa kutazama. Hilo la tatu liandikwe kwa maneno ambayo modeli haiwezi kuyapita kwa haraka. Mimi huliandika hivi:

{
  "matokeo": "HAYAJULIKANI",
  "oda": null,
  "sababu": "Soko limekataa ombi: saa yetu iko nyuma kwa sekunde 7",
  "maana_yake": "Hili si jibu la 'hakuna oda'. Usiweke wala usibadilishe oda kwa kutegemea jibu hili.",
  "cha_kufanya": "Jaribu tena mara moja baada ya sekunde 10. Ikishindikana, mwarifu mwenye akaunti."
}

Ona kwamba "oda" ni null, yaani "hakuna thamani", si orodha tupu. Na ona kwamba sababu imeandikwa kwa lugha ya kawaida badala ya namba ya hitilafu peke yake. Modeli husoma, mpe cha kusoma. Kama unatumia MCP, ile itifaki ya kuwaunganisha mawakala na zana ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024, jibu la zana lina sehemu iitwayo isError. Iweke kuwa kweli katika hali kama hii, ila usiitegemee peke yake. Maneno yenyewe ndiyo yanayomfikia wakala kwa uhakika.

Sasa tuseme umelirekebisha hilo. Bado zana inaweza kuona nusu na kuripoti kana kwamba imeona yote, na masoko yenyewe yanakusaidia kukosea. Alpaca, ambao ni madalali wa hisa, ukiomba orodha ya oda bila kutaja idadi, wanakupa 50, na kiwango cha juu kwa ombi moja ni 500. Mwenye oda 60 zinazosubiri atapewa 50 bila king'ora chochote. Interactive Brokers, madalali wengine, wana wito mmoja unaoleta oda zilizowekwa na programu yako tu, yaani zile za namba ya mteja uliyojiungia nayo, na wito mwingine unaoleta za wote. Oda uliyoweka kwa mkono kwenye dirisha lao la biashara huenda isionekane kwenye ule wa kwanza. OKX, soko jingine la sarafu za kidijitali, wanatenganisha oda za kawaida na zile za masharti, kwa mfano ya kukata hasara bei ikishuka hadi mahali fulani, na kila kundi lina mlango wake wa API. Wakala akiuliza mlango mmoja atakuambia kwa moyo mweupe kwamba mali uliyonunua haina kinga ya hasara, kisha ataweka kinga ya pili juu ya ile iliyopo.

Kwa hiyo zana itaje upeo wake kila inapojibu. "Nimetazama oda za kawaida na za masharti, akaunti moja, kurasa zote 2, jumla 63." Sentensi hiyo haigharimu kitu. Ikishindwa kusoma ukurasa wa pili, isirudishe ule wa kwanza na kunyamaza. Irudi kwenye lile jibu la tatu, au iseme wazi kwamba orodha ni pungufu.

Nimeanza na dalili uliyoniletea. Kuna jambo zito zaidi katika swali lako ambalo naona umelipita: ile kanuni yako ya "akikuta hakuna, aweke mpya". Hata zana ikiwa kamilifu, kanuni hiyo ina tundu. Oda isiyoonekana kwenye orodha ya zinazosubiri inaweza kuwa haijawahi kuwekwa. Inaweza pia kuwa imefutwa, imekataliwa, imeisha muda wake. Au imetimia yote, na mali tayari ni yako. Kwenye orodha ya zinazosubiri, aliyenunua na asiyenunua wanafanana kabisa. Siku soko litakapokwenda haraka, oda yako itatimia ndani ya sekunde moja, wakala atatazama, atakuta "hakuna", atanunua tena, nayo itatimia, atatazama tena. Hapo hutakuta oda mbili zinazosubiri kama juzi. Utakuta salio limekwisha.

Kuna kampuni kubwa iliyowahi kuingia katika shimo la namna hii, na taarifa ya Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani, SEC, ya Oktoba 2013 imelieleza kwa undani. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital ilikuwa imeweka programu mpya kwenye seva zake zinazopeleka oda sokoni. Seva zilikuwa 8. Fundi akasahau moja. Kwenye hiyo moja ulibaki msimbo wa zamani ambao haukuwa umetumika tangu 2003, na programu mpya ilikuwa imeazima alama ileile iliyokuwa ikiuamsha. Zamani msimbo huo ulikuwa na sehemu inayojumlisha hisa zilizokwisha kutimia, ili oda kubwa ikishajaa uache kutuma oda ndogondogo. Mwaka 2005 sehemu hiyo ya kujumlisha ilikuwa imehamishiwa mahali pengine. Kwa hiyo msimbo ulipoamka ulituma, ukatimiziwa, na haukuwa na namna ya kujua kwamba umetimiziwa, ukatuma tena. Oda 212 za wateja zikazaa miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154, kwa dakika 45 hivi. Hasara ilipita dola milioni 460.

Hapakuwa na akili mnemba pale. Kilichokosekana ni jibu la swali "kati ya nilichoomba, nimeshapata kiasi gani?", na swali hilo ndilo zana yako hailijibu. (Kuna kipande kingine cha kisa hicho ambacho hunirudia mara kwa mara: asubuhi ile, kabla soko kufunguliwa, mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikilitaja kosa. Hazikuwa zimeundwa kama tahadhari, na hakuna aliyezifanyia kazi.)

Dawa ni kubadilisha swali. Badala ya "nina oda gani zinazosubiri?", wakala aweze kuuliza "ile niliyoituma imefika wapi?". Ili aweze, kila oda iwe na jina ulilolitunga wewe kabla ya kuituma. Masoko mengi yanakuruhusu kuambatisha kitambulisho chako mwenyewe. Jina litokane na uamuzi na lisiwe la bahati nasibu. Kama uamuzi ni "awamu ya 3 ya kununua bidhaa fulani", jina liwe lilelile kila wakala anapojaribu kuutekeleza uamuzi huo, hata akijaribu mara kumi. Kabla ya kutuma, zana inauliza soko kwa jina hilo, na jibu linakuja hata kama oda ilishatimia au kufutwa.

Angalizo hapa, maana nimeona watu wakidhani jina peke yake ni kufuli. Binance wanakataa jina linalojirudia pale tu ambapo oda ya kwanza yenye jina hilo bado iko wazi. Ikishatimia, jina lilelile linapokelewa tena. Kwa hiyo ulinzi unaondoka kwa wakati ambao unauhitaji kuliko wakati wowote. Uliza kwanza kwa jina, na weka daftari lako mwenyewe, hata faili moja tu, linaloandikwa kabla ombi halijaondoka. Kabla, nasema. Ukiandika baada ya soko kujibu, siku jibu litakapopotea njiani hutakuwa na kumbukumbu kwamba uliwahi kutuma.

Na kama oda zako zingepishana nusu sekunde badala ya dakika tatu, ningeshuku jambo jingine. Kati ya kutuma oda na soko kuitambua kuna pengo dogo, na ndani ya pengo hilo oda haipo kwenye orodha ingawa iko njiani. FIX, lugha ambayo madalali na masoko wamekuwa wakiitumia tangu miaka ya 1990, ina hali maalumu kwa ajili hiyo: imepokelewa, haijathibitishwa. Ina nyingine ya kinyume chake: ombi la kuifuta limepokelewa, bado halijatekelezwa. Oda iliyo katika hali hiyo ya pili ni hai, inaweza kutimia wakati wewe unaihesabu imekufa. Zana nyingi hukunja hali hizi zote kuwa "wazi" au "imefungwa" ili kumrahisishia msomaji. Msomaji huyu hahitaji kurahisishiwa hivyo. Mpe hali ya soko kama ilivyo, na karibu yake maelezo mafupi ya maana yake.

Kwa kila oda mpe namba tatu: kilichoombwa, kilichotimia, kilichobaki. Mbili tu hazitoshi, ingawa ya tatu inaonekana kama hesabu ya mtoto. Kwenye FIX, kilichobaki ni kilichoombwa ukitoa kilichotimia, mradi oda ni hai. Ikishafutwa au kuisha muda, kilichobaki kinaweza kusomeka sifuri hata kama zilitimia hisa 40 kati ya 100. Wakala aliyepewa "kilichobaki: 0" peke yake atasherehekea. Namba hizi zitume kama maandishi, "0.10" ndani ya alama za nukuu, zisipitie desimali za kompyuta zinazogeuza 0.1 jumlisha 0.2 kuwa 0.30000000000000004. Na hesabu ifanywe na zana. Modeli isiachiwe kutoa na kujumlisha.

Kila jibu libebe saa lilipochukuliwa sokoni. Wakala anaweza kusoma orodha, akaenda kusoma habari, akaandika aya nne za kutafakari, kisha akafanya uamuzi kwa orodha ya dakika mbili zilizopita bila kujua kwamba imechacha. Mimi huweka sheria kwenye zana ya kutuma, si kwenye maagizo ya modeli: ombi la oda mpya lazima lije na namba ya usomaji wa mwisho, na usomaji ukiwa na zaidi ya sekunde chache, zana inakataa na kumwambia atazame tena. Ila asitazame kila sekunde. Kwenye soko la kawaida la Binance, kuuliza oda zinazosubiri za jozi moja ya sarafu kunahesabiwa uzito 6, yaani pointi zinazokatwa kwenye kikomo chako cha maombi, na kuuliza za jozi zote kwa mkupuo ni uzito 80. Wakala mwenye wasiwasi atakumalizia kikomo mapema, soko likujibu 429, namba ya hitilafu ya maombi kupita kiasi, na akiendelea kung'ang'ania baada ya hapo, 418, yaani anwani yako ya intaneti imefungiwa kwa muda. Na ukifungiwa, kama bado una ule mstari wa kurudisha orodha tupu, unajua kinachofuata.

Kuhusu maelezo ya zana, yale anayoyasoma wakala kabla ya kuamua kuiita, usiandike "huleta oda zilizo wazi" ukaondoka. Andika inachokiona na isichokiona: kwamba haionyeshi zilizotimia, kwamba kwa hizo kuna zana ya kuuliza kwa jina. MCP inakuruhusu pia kuitia zana alama kwamba ni ya kusoma tu. Itie, lakini kumbuka ni dokezo. Haimzuii mtu kitu. Kinachozuia ni ufunguo. Zana ya kutazama iwe na ufunguo wake usioweza kutuma oda wala kutoa fedha, na ile ya kutuma iwe na wake. Vilevile kile kitambulisho cha oda ni maandishi, na kama kuna mtu mwingine au programu nyingine inayoweka oda kwenye akaunti hiyo, ndani yake panaweza kuwekwa maneno ya kumwagiza wakala. Zana iruhusu herufi na namba za mpangilio unaoujua, mengine iyafiche.

Umeuliza kama umpe uwezo wa kufuta. Kwa sasa hapana, na sababu yenyewe ni zile oda mbili. Kufuta kunaonekana kuwa kitendo salama kuliko kununua, kumbe kina mtego uleule. Wakala anataka kubadilisha bei: anafuta ya zamani, aweke mpya. Soko linajibu "oda hii siitambui". Yeye anasoma: haipo, basi imefutika, naweka mpya. Lakini huenda soko haliioni kati ya oda zilizo wazi kwa sababu imetimia sekunde iliyopita. Sasa una mbili, na safari hii zote umeshazilipia. Siku utakapompa uwezo huo, zana ya kufuta isirudishe jibu la soko kama lilivyo. Baada ya kufuta iulize tena oda kwa jina, isubiri hali ya mwisho, kisha irudishe zile namba tatu, na oda mpya iwe ya kiasi ambacho kweli hakikutimia.

Kabla ya hapo fanya jaribio moja, dakika kumi zinatosha. Chukua akaunti ya majaribio, weka oda ya kununua kwa bei ya chini sana isiyoweza kutimia, kisha haribu ufunguo kwa kubadilisha herufi moja. Mwambie wakala: "Nina oda gani zinazosubiri?" Akijibu kwamba huna, rudi kwenye msimbo utafute ule mstari. Akijibu kwamba ameshindwa kuliona soko na hataweka kitu, rudisha ufunguo mzima, kata mtandao katikati ya ukurasa wa pili, umuulize tena.